Nani Aliyemlisha Msafiri wa Kilosa?

Uliza Kilosa kuhusu vyakula vinavyouzwa stesheni, au Mikumi pale mabasi yanaposimama, na utasimuliwa kwamba biashara hiyo ni mtoto wa reli. Mjerumani alileta treni, treni ikaleta abiria, abiria wakaja na njaa zao, mama lishe akapata kazi. Hadithi inakumbukika kirahisi. Ila inawafanya waliopita Usagara, nchi ya Wasagara inayozunguka Kilosa, kabla ya hapo waonekane walikula upepo.

Ya reli yanajulikana: ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ya Chifu Mangungo wa Msovero na karatasi ya mkataba ya Carl Peters ya mwaka 1884 kila mwanafunzi ameyakariri. Mimi narudi nyuma ya yote hayo, kwa msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita huku mwaka 1857 na mwenzake Speke wakielekea Ujiji. Kitabu chake cha mwaka 1860 kimejaa dharau kwa karibu kila Mwafrika aliyemkuta, na sitamtetea. Lakini mwenye njaa akiandika habari za chakula, huandika kwa makini.

Msafara wake ulifika bonde la Rumuma, ambalo leo tunaliita Lumuma, katika milima iliyo magharibi ya Kilosa, wapagazi wakiwa hoi kwa njaa. Burton anasema misafara ilipenda kupumzika hapo kwa sababu chakula kilipatikana. Wenyeji waliteremka milimani makundi kwa makundi: huyu na kuku, yule akikokota mbuzi au kondoo, wengine wakiswaga ng'ombe wa kuvutia, na wengine na nyungo kichwani zilizojaa njugu mawe, uwele, maharage na karanga. Hilo ni soko kamili, miaka hamsini hivi kabla ya filimbi ya treni kusikika Kilosa.

Wapo wanaosema hiyo haikuwa biashara, watu walimwaga tu ziada ya shamba kila msafara ulipotokea. Hoja hiyo haistahili muda mrefu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, na mgongo wake ulikuwa umeshajaa vitambaa au pembe. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Msafara wa watu mia tatu ulihitaji vibaba mia tatu kila jua linapochomoza, na hakuna aliyeweza kuvibeba vyote kutoka Bagamoyo. Ilibidi vinunuliwe njiani, kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, mwaka baada ya mwaka. Mkulima aliyeona misafara ikirudi kila kiangazi alijua alime kiasi gani. Wasagara walikuwa wakilisha barabara kuu ya biashara ya Afrika Mashariki, na walilipwa kwa kitambaa kilichofumwa Marekani.

Hoja moja ya wenye reli naipokea kwa heshima: chakula kilichopikwa. Wapagazi walinunua kibichi, wakapika wenyewe kambini. Chai, mkate wa ngano na yai la kuchemsha la kuliwa kabla treni haijaondoka vinahitaji stesheni na ratiba. Nawaachia hayo.

Kwingine ugomvi wa namna hii huchukuliwa kwa uzito. Huko Florida, miji ya Tampa na Miami inagombea sandwichi ya Kikuba: nyama ya nguruwe ya kuoka, hemu, jibini, achari ya matango na haradali (Kilosa, nguruwe peke yake angegawa wateja). Tampa huongeza salami, na wenyeji wake husema imetokana na Wasisilia waliofanya kazi na Wakuba katika viwanda vya sigara vya Ybor City. Mwaka 2012 baraza la mji lilipitisha azimio rasmi kuhusu sandwichi hiyo. Duka la mikate la La Segunda, lililopo tangu 1915, bado huweka ukuti juu ya kinyunya kabla ya kuoka, na watu huusimulia ukuti huo kama urithi. Lumuma haijapata hata aya moja katika vitabu vyetu vya shule.

Turudi kwetu: wanaoisifia reli wana swali la kujibu kuhusu Mikumi. Reli ya kutoka Kilosa kwenda Kidatu inapita hapo, lakini mishkaki, chipsi na mahindi ya kuchoma vimejipanga kando ya barabara kuu ya Zambia, kwenye malori na mabasi. Kilosa kwenyewe, treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu 2024 ina viyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Reli ipo, abiria wapo, njaa ipo, na hakuna mwenye sinia anayeweza kuwafikia.