Kiwango cha tiba ya usemi baada ya kiharusi

Kiwango cha tiba ya usemi ni jumla ya saa ambazo mgonjwa wa afasia anafanya mazoezi ya lugha pamoja na mtaalamu, na idadi ya siku za mazoezi katika wiki. Afasia ni kupungukiwa uwezo wa kusema, kuelewa, kusoma au kuandika baada ya ubongo kuumia, mara nyingi upande wa kushoto. Mgonjwa hajapoteza akili: anajua kijiko ni nini, ila jina haliji, au kinywani linatoka "kisu".

Uchambuzi wa kimataifa uitwao RELEASE (2022) ulionyesha kwamba maendeleo makubwa zaidi yaliendana na jumla ya saa 20 hadi 50 za tiba, kwa siku 4 au 5 kila wiki. Kwa waliopata chini ya saa 20 hakukuwa na ushahidi wa maendeleo katika kuelewa maneno wanayosikia. Nchini Ujerumani, jaribio la mwaka 2017 lilihusu watu 156 waliokuwa na afasia kwa miezi 6 au zaidi. Wiki 3 za tiba, angalau saa 10 kila wiki, ziliboresha mazungumzo yao ya kila siku. Kwa hiyo si kweli kwamba miezi 6 ikipita hakuna la kufanya. Hata hivyo, jaribio la VERSE huko Australia na New Zealand (2020) halikuona faida ya kuongeza saa katika wiki za mwanzo.

Mkoani Kilimanjaro, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta takriban wagonjwa wapya 109 wa kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Hospitali kubwa ya rufaa ni KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana Tanzania nzima. Tena afasia huja mara nyingi pamoja na udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Mgonjwa wa Rombo anayetakiwa kufika Moshi siku 4 kwa wiki anahitaji msindikizaji, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Hapo kiwango cha tiba kinaamuliwa na barabara kuliko na daktari, na mazoezi ya nyumbani pamoja na ndugu hubeba sehemu kubwa: kutaja vyombo vya jikoni, majina ya wajukuu, bei za sokoni.

Lugha ya mazoezi nayo ni suala. Wazee wengi wa mlimani walianza na Kichagga, chenye lahaja zinazotofautiana sana kutoka Machame hadi Rombo, kisha wakajifunza Kiswahili. Lugha hizo mbili haziathiriki sawa kila mara, hivyo mgonjwa anayenyamaza akiulizwa kwa Kiswahili anafaa kuulizwa pia kwa lugha ya nyumbani.