Neno Vasali na Maana Yake

Msomaji wa historia ya Ulaya hukutana mara nyingi na neno vasali. Asili yake ni lugha ya Wakelti wa Gaul, nchi ambayo sasa ni Ufaransa. Kwao wassos alikuwa kijana au mtumishi. Na huko Wales, ambako lugha ya jamii hiyo ingali hai, gwas ni mtumishi hata leo. Katika sheria za kale za Wafaranki, vassus alikuwa mtumishi asiye huru.

Lakini neno hilo lilipanda daraja. Aliyetumika karibu na mkuu alipewa silaha, kisha ardhi. Kumbukumbu za kifalme zasimulia kwamba mwaka 757 Tassilo, mtawala wa Bavaria, alitia mikono yake katika mikono ya mfalme Pippin, akaapa kuwa vasali wake. Jina la mtumishi likawa cheo cha mtawala. Vasali alitoa utii na msaada wa vita. Bwana alitoa ulinzi na riziki.

Sisi wa Isiolo tusidhani kuwa mambo hayo ni ya Ulaya peke yake. Kwa Kisomali, sheeg ni kusema au kutaja. Sheegad ni wageni wanaojitaja kwa jina la ukoo wenye nguvu, ili wapate malisho, maji na ulinzi. Nao huwasaidia wenyeji wao vitani na katika kulipa diya. Baadhi ya Wasomali wa Darod waliovuka mto Juba waliishi hivyo chini ya Waorma. Katika miaka ya 1860 waliwageukia wenyeji wao, wakawashinda. Huko Wajir nako, Waborana waliokuwa wakuu wa visima walisukumwa na Wasomali, na katika miaka ya 1930 wengi wao walihamia Isiolo.

Vasali aliitwa mtumishi hata alipokuwa mkuu. Sheegad aliitwa ndugu hata alipokuwa mgeni. Kote kuwili jina lilificha nguvu halisi ya mtu. Basi katika mji wetu, ambamo Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru huulizana ni nani mwenyeji na ni nani mgeni, yafaa tuulize kwanza: jina hilo lilitolewa lini, na kila upande uliahidi nini? Asiyeuliza hayo hugombana kwa ajili ya neno, asijue maana yake.