Kuzimua au kulegeza?

Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukitia maji. Siki huzimuliwa, dawa ya mifugo pia. Kitenzi hiki kimeingia hata kwenye uchapaji wa fulana, na huko naona kinapotosha. Kwa wino wa plastisoli ningependa tuseme kulegeza.

Plastisoli haina maji. Ni chembe za plastiki ya PVC zilizoelea katika mafuta mazito ya kulainishia, na haikauki kwa hewa: huiva kwa joto, kwa kawaida karibu nyuzi 160 za Selsiasi. Acha ndoo wazi usiku kucha, asubuhi utakuta wino ni ule ule. Kwa hiyo tina ya wapaka rangi haina kazi humu.

Shida huanza kwenye mashine inayojiendesha. Raba inayosukuma wino inakwenda mbio, wino mzito unanasa kwenye matundu ya wavu, na herufi zinatoka na mabaka. Koroga kwanza! Wino uliotulia hukaza, na mara nyingi mwiko peke yake huulegeza. Usipolegea, ndipo utie kilegezi, dawa maalumu ya plastisoli, kwa kupima kwenye mizani, asilimia chache tu za uzito wa wino.

Anayefikiria kuzimua huongeza tu. Matokeo yake nyeupe inapwaya juu ya fulana nyeusi, kingo za herufi zinatambaa, na kilegezi kikizidi wino hauivi sawasawa; baada ya kufuliwa mara chache, chapa inapasuka.