Kabla hujafumua injini: historia ya kivalvu kilichozaliwa vitani

Gari kuukuu likitoa moshi wa bluu nyuma, kila mtu ana neno moja tu mdomoni: ringi. "Ringi zimekwisha hizo, fumua injini." Fundi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, hata muuza karanga anayepita gereji anasema hivyo. Na kufumua injini si mchezo, ndugu yangu. Kwa gari la miaka ya 1960 au 1970 spea zenyewe unazitafuta kwa tochi mchana.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Ila kazi hii imenizoesha kuuliza swali moja kila ninapoambiwa kitu kimeharibika: nani alikiweka hapo, na kwa nini? Nimeuliza hivyo kuhusu moshi wa bluu. Jibu limenipeleka mbali kweli: kwenye vifaru vya Vita Kuu ya Pili, kwenye macho ya wakazi wa Los Angeles yaliyokuwa yakiwasha, na hatimaye mahakamani. Twende taratibu.

INJINI NAYO INAPUMUA

Kwenye silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni imevishwa pete, ndizo hizo ringi, ili moto unaolipuka juu usipenye kwenda chini. Lakini hakuna ringi inayoziba mia kwa mia, hata kwenye injini iliyotoka kiwandani leo. Kila mlipuko unasukuma gesi kidogo kwenda chini, kwenye chumba kinakozunguka krankshafti. Hapa nitakiita tumbo la injini.

Gesi hizo ni mchanganyiko mbaya: petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi. Zikibaki tumboni, oili inageuka tope jeusi. Halafu shinikizo linapanda, na oili inaanza kutafuta pa kutokea: kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye tundu la kijiti cha kupimia. Kwa hiyo injini lazima ipumue.

Wahandisi wa zamani walilimaliza suala hilo kirahisi sana. Waliweka bomba linaloshuka hadi chini ya gari, mdomo wake umekatwa mshazari. Gari likikimbia, upepo unaopita kwenye ule mdomo unavuta gesi nje, na hewa safi inaingia juu kupitia kifuniko cha oili chenye chujio. Magari mengi sana ya miaka ya 1950 yalitengenezwa hivyo.

Kasoro zake unaziona mwenyewe. Gari likisimama kwenye foleni hakuna upepo, kwa hiyo hakuna kinachovutwa. Na likikimbia, ule uchafu wote unamwagwa barabarani na hewani.

VITA VIKALETA JIBU

Jeshi lilikuwa na tatizo jingine. Kifaru au gari la kivita linatakiwa kuvuka mto, na bomba lililo wazi chini ya injini ni mlango wa maji. Ikabidi mfumo ufungwe. Badala ya kutegemea upepo wa barabarani, gesi za tumboni zikavutwa na injini yenyewe kwenye manifoldi, mle inamopitia hewa na petroli kutoka kabureta kwenda kwenye silinda, zikachomwe upya. Hata jeep ya Willys ya wakati wa vita ilikuwa na valvu ya kazi hiyo.

Kumbuka jambo hili, maana litatufaa mbele: katikati ya miaka ya 1940 dawa ilikuwa imeshapatikana. Vita vikaisha, na viwanda vikaendelea kuwauzia raia magari yenye bomba la kumwaga chini. Nani angelipia valvu ya ziada kama hakuna anayemlazimisha?

LOS ANGELES INAWASHA MACHO

Julai 1943 ukungu mzito uliufunika mji wa Los Angeles. Watu walitokwa machozi, wakakohoa. Marekani ilikuwa vitani na Japani, na wapo waliodhani wameshambuliwa kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama zikaangukia kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira wa sintetiki. Kikasimamishwa. Ukungu haukuondoka.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa Mholanzi, Arie Haagen-Smit, mkemia wa chuo cha Caltech. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi! Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli ukikutana na oksidi za naitrojeni chini ya jua kali, huzaliwa ozoni na vitu vingine vinavyochoma macho na mapafu. Mji uliokuwa ukitafuta mchawi viwandani ukagundua kwamba mchawi analala naye nyumbani, kwenye banda la gari.

Wengi tunadhani uchafu wa gari hutoka kwenye bomba la moshi peke yake. Sivyo. Kwenye gari lisilo na udhibiti wowote, kati ya moja ya tano na robo ya mvuke wa petroli unaochafua hewa hutoka kwenye tumbo la injini, kupitia lile bomba la kumwaga chini. Na hicho ndicho kipande kilichokuwa rahisi kuliko vyote kukitibu: valvu ndogo na kipande cha mpira.

Kenneth Hahn, mjumbe wa bodi ya kaunti ya Los Angeles, alianza kuwaandikia wakuu wa viwanda vya magari mwaka 1953. Ford walimjibu kwamba moshi wa magari hupotea hewani haraka na hauleti tatizo. Hahn hakuchoka. Aliendelea kuandika mwaka baada ya mwaka.

Ilipofika mwaka 1961 magari mapya ya California yalianza kuja na valvu ya PCV, jina tunaloitumia hadi leo. Majimbo mengine ya Marekani yalisubiri hadi magari ya mwaka 1963. Januari 1969 serikali ya Marekani ilivipeleka mahakamani viwanda vikubwa vya magari pamoja na chama chao. Madai yalikuwa kwamba walikula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza uchafuzi, valvu hiyo ikiwemo. Kesi iliishia kwenye makubaliano mwaka huohuo, bila viwanda kukiri kosa.

Yaani teknolojia iliyokuwepo vitani ilichukua takriban miaka 20 kumfikia raia wa kawaida. Hapo katikati watoto walikuwa wanavuta ile hewa. Ukisikia leo mtu anasema soko lenyewe litasafisha mazingira, mkumbushe habari ya kivalvu hiki.

SASA TURUDI KWENYE MOSHI WAKO WA BLUU

Valvu ya PCV ni kimwili kidogo chenye springi na kipini ndani. Gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma, mvuto wa manifoldi ni mkubwa, kipini kinavutwa na kubana njia, gesi kidogo tu inapita. Ukikanyaga mafuta kiasi, mvuto unapungua, springi inakisukuma kipini na njia inafunguka. Injini ikipiga mlipuko wa kurudi nyuma, kipini kinafunga kabisa ili moto usiingie tumboni. Kazi tatu, kitu kimoja!

Ikiziba, shinikizo linapanda tumboni: oili inavuja kila kona, chujio la hewa linalowa oili, tope linajaa chini ya kifuniko cha valvu. Ikikwama wazi, injini inavuta hewa na mvuke wa oili kupita kiasi: inatetemeka ikisimama, na moshi wa bluu unatoka. Baadhi ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960, kama MGB, yalitumia valvu ya Smiths yenye kiwambo cha mpira. Mpira ukichanika unapata dalili hizohizo.

Mjomba wangu ana Datsun 120Y. Gereji moja ilimwambia injini imekufa, ifumuliwe. Tulipofungua boneti pamoja na fundi mwingine tukakuta mpira wa kwenda kwenye valvu umezibwa kwa bolti. "Mjomba, nani kaziba hapa?" nikamuuliza. "Nililikuta hivyo nilipolinunua, mpwa wangu." Injini ilikuwa imezibwa pua miaka yote hiyo! Komprensheni ilipimwa, silinda zote nne zikawa nzuri na zinalingana. Tukabadilisha valvu na mpira, oili ikaacha kuvuja. Moshi kidogo asubuhi ulibaki, na huo ulitokana na sili za valvu. Ringi hazikuguswa.

Kwa hiyo nenda hatua kwa hatua, ukianza na isiyo na gharama:

1. Hakikisha oili inaungua kweli. Tandika boksi chini ya gari usiku kucha. Ukiamka na madoa, sehemu ya oili yako inavuja, haiungui.

2. Tazama moshi unatoka lini. Ukitoka unapowasha gari lililolala, au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu, shuku sili na gaidi za valvu. Ukitoka unapopanda mlima na mzigo, hapo ringi zina kesi ya kujibu.

3. Chomoa valvu ya PCV uitikise. Ile yenye kipini inatakiwa ilie kachakacha. Ikiwa kimya, imekwama. Kisha, injini ikiwa inaunguruma, ziba mdomo wake kwa kidole. Unatakiwa usikie mvuto mkali na mlio wa injini ushuke kidogo.

4. Irudishe valvu, fungua kifuniko cha oili, weka karatasi juu ya tundu. Mfumo mzima ukiwa salama, karatasi inavutwa polepole. Ikirushwa juu, njia imeziba au ringi zinapitisha gesi nyingi kuliko valvu inavyoweza kuvuta.

5. Tenganisha mfumo kwa muda. Ziba tundu la upande wa manifoldi, acha upande wa injini upumue kwenye chupa, uendeshe kidogo. Moshi ukikoma, mwizi wa oili ni mfumo wenyewe. Angalia pia kibati cha kuzuia oili chini ya kifuniko cha valvu kama bado kipo; mafundi wengine hukitoa na kukisahau.

6. Pima komprensheni, halafu mwaga kijiko cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu.

Ukifika namba sita na jibu likawa ringi, basi fumua kwa amani. Angalau utakuwa unajua unalipia nini. Na kama gari lako ni la enzi ya bomba la kumwaga chini, usitafute valvu isiyokuwepo. Kagua bomba lenyewe na chujio la kifuniko cha oili, maana nayo huziba kwa vumbi letu.

Ombi langu kwa mafundi wetu: acheni kuziba ile mipira kwa bolti ili "injini iwe safi". Kuna watu walipigana miaka mingi ili ile gesi isiishie kwenye mapafu yetu. Foleni za Dar es Salaam na Nairobi zina moshi wa kutosha tayari.

Nawe mwenye gari la babu, valvu yako ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Niambie ulichokuta.