Liyongo, Mwata Kazembe na Swali la Hifadhi

Tukiwauliza wanafunzi wetu habari za Fumo Liyongo, wengi hutuorodheshea nguvu zake: kimo, upinde, pembe alizozipasua kwa kuzipuliza. Kwetu sisi lipo swali zito zaidi: mtu anayewindwa na dola, nani humhifadhi?

Pwani ya Ziwa Mweru, Zambia, swali hilo lina historia. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuteketeza mji wa Mwata Kazembe wa Kumi, Kanyembo Ntemena, kusini ya Nchelenge. Mwata alitoroka, akapata hifadhi kwa wamisionari wa Mambilima, na mwaka 1900 akarejea kwa watu wake, ingawa chini ya Waingereza.

Liyongo hakubahatika hivyo. Katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, mfalme wa Pate anamfunga gerezani. Mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanakula mikate mizuri, ule wa wishwa wanaudharau! Basi wanaomwokoa ni mwanamke na mtumwa, ilhali anayemuua ni mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kuahidiwa uwaziri na binti wa mfalme.

Nyimbo za masimulizi za Wamexico, ziitwazo corrido, zina kisa cha jirani. Gregorio Cortez aliwindwa huko Texas kwa siku 10 mwaka 1901, akakamatwa baada ya Mmexico mwenzake kuwaelekeza askari.

Na mwana wa Liyongo? Uwaziri hakuuonja.