Mbegu ya Bangi: Ilikotoka na Walioitunza

Katika milima ya Kitshanga mmea mmoja una majina mawili. Wasemao Kiswahili huuita bangi, na wasemao Kinyarwanda huuita urumogi. Kila mtu ajua kwamba sheria ya Kongo yakataza kuulima, na kila mzazi ajua jinsi kuvuta kunavyoweza kumharibia kijana akili na masomo. Leo twataka kueleza habari isiyosimuliwa sana. Mmea huu ulifikaje kwetu, na ni nani waliotunza mbegu yake? Maana bangi si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Asia.

Tuanze na jina. Katika Kihindi cha kale mmea huu uliitwa bhanga, Waajemi wakasema bang, na watu wa pwani yetu wakasema bangi. Jina lilivuka bahari pamoja na mbegu, katika vyombo vilivyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwaka 1609 kilichapishwa huko Ureno kitabu cha João dos Santos, padre wa shirika la Wadominiko aliyekaa Sofala na pande za Msumbiji. Padre huyo aliandika kwamba wenyeji walilima mmea uitwao bangue, wakakausha majani yake na kuyala. Basi zaidi ya miaka 400 iliyopita mbegu ilikuwa imekwisha kupata shamba katika Afrika ya Mashariki.

Kutoka pwani ilipanda bara. Mwingereza Burton, aliyesafiri toka pwani hata Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliikuta bangi njiani, na watu wakiivuta kwa kiko cha maji cha kibuyu. Hiyo ndiyo njia ya misafara ya Tabora na Ujiji, iliyovuka ziwa mpaka Manyema. Njia hiyo ilileta bunduki na kuwatoa watumwa, na ndiyo iliyokifikisha Kiswahili katika mashariki ya Kongo. Mbegu ya bangi ni ndogo, haina uzito, na punje chache zafichika katika pindo la nguo. Haikuhitaji mpagazi.

Habari ya ajabu zaidi yatoka Kasai. Mwaka 1881 Wajerumani Pogge na Wissmann walifika kwa Walulua, kwa mfalme Kalamba Mukenge. Walikuta watu wake wakijiita Bena Riamba, yaani watoto wa bangi, kwa sababu riamba ni jina la mmea huo kwao. Walikuwa wamechoma hirizi zao za zamani. Walivuta pamoja ili kuonyesha undugu, na mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Mtu aweza kuicheka desturi hiyo, au kuihuzunikia. Lakini yatufundisha jambo moja. Watu wengi hivyo hawawezi kuvuta kila siku bila kulima, na hawawezi kulima kila mwaka bila mtu wa kuweka mbegu.

Serikali nayo haikukawia. Mwaka 1903 Dola Huru ya Kongo ilitoa sheria ya kuzuia bangi. Mwaka 1925, huko Geneva, mataifa yaliitia bangi katika mapatano yao juu ya afyuni, kwa ombi la Misri, na mapatano makubwa ya mwaka 1961 yakakaza mambo. Hata hivyo mbegu haikupotea. Kwa nini?

Hapa yafaa tujue tabia ya mmea wenyewe. Bangi ina mti dume na mti jike. Dume hutoa chavua, yaani unga wa ua, na upepo huubeba mpaka kwa jike, ambaye huzaa mbegu. Mkulima atakaye maua ya kuvuta hung'oa madume mapema. Atakaye mbegu hufanya kinyume. Huacha madume yaliyo bora, huchagua majike yenye nguvu, hungoja mbegu zikomae na kuwa za kahawia, kisha huzikausha kivulini. Tena lazima shamba liwe mbali na mengine, maana upepo hauna mpaka. Wataalamu wa Hispania ya kusini wamewahi kukamata hewani chavua iliyotoka Morocco, ng'ambo ya bahari.

Jambo la pili ni jua. Kitshanga iko karibu na mstari wa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu nyingi za nchi za kaskazini, zilizozoea siku ndefu za kiangazi, zikipandwa huku hutoa maua zikali fupi na dhaifu. Mbegu ya ikweta haidanganyiki hivyo. Hukua polepole, hurefuka, majani yake ni membamba, nayo huchukua muda mrefu kuchanua. Tabia hiyo haikuja kwa siku moja. Ni kazi ya vizazi vingi vya wakulima ambao majina yao hayakuandikwa po pote.

Na mbegu hiyo haikai ghalani milele. Ina mafuta mengi, na baada ya miaka michache huacha kuota. Mbegu ya namna hii huishi kwa kupandwa tu. Ndivyo ilivyo kwa mbegu zote za kienyeji, hata zile zilizo halali na za lazima kwetu. Vita vilipoichoma Kitshanga mwaka 2013, na watu walipokimbia tena mwezi wa Januari 2023, wengi waliacha mahindi na maharage yao ya mbegu. Aliyepoteza maharage ya bibi yake hawezi kuyapata sokoni, hata akiwa na fedha.

Morocco yatupa mfano. Katika milima ya Rif mbegu za kigeni zenye nguvu ziliisukuma kando mbegu ya kienyeji iitwayo beldia, ingawa za kigeni zadai maji mengi. Sheria ya mwaka 2021 iliporuhusu kilimo kwa ajili ya dawa na viwanda, watu walikumbuka kwamba beldia yavumilia ukame, na baadaye nayo ikaruhusiwa. Mwaka huo huo wa 2021 jirani zetu wa Rwanda waliweka kanuni za kulima bangi ya dawa za kuuzwa nje, huku uvutaji ukibaki marufuku.

Kongo haijafanya hivyo, na sisi hatumshauri mtu avunje sheria. Lakini kuzuia mmea si sababu ya kusahau habari zake. Wazee waliozijua mbegu za nchi hii wanapungua kila mwaka. Wenye watoto shuleni na wawatume kwa wazee hao na daftari, wakaulize majina ya maharage, ya mtama, ya viazi, na ya bangi pia: nani aliileta mbegu, alitoka wapi, alichaguaje ya kupanda. Kazi hiyo haikatazwi na sheria yo yote.