Reading & Northern: Reli ndogo iliyookota njia za makaa ya mawe

Wadau, mimi nimeishia kidato cha nne, lakini ukinitajia reli tutakesha. Leo naomba niwaeleze habari za kampuni moja ndogo ya Pennsylvania, Marekani. Jina lake kamili ni Reading Blue Mountain and Northern, makao makuu yapo Port Clinton. Na hiyo Reading inatamkwa "Reding", msije mkachekwa kama mimi.

ILIKOTOKA
Milima ya kaskazini mashariki ya Pennsylvania ina makaa ya mawe magumu kuliko yote, yanawaka bila moshi mwingi. Reading Company ya zamani ilianzishwa 1833, ikatajirika kwa kuyashusha hadi Philadelphia. Ndiyo ile reli iliyomo kwenye mchezo wa Monopoly!

Uchimbaji ulifika kilele 1917, kama tani milioni 100. Baadaye watu wakaanza kupasha moto nyumba zao kwa mafuta na gesi, na malori yakanyakua mizigo iliyobaki. Reading ikafilisika 1971. Mwaka 1976 njia zake nyingi zikaingizwa Conrail, shirika lililoundwa na serikali kuokoa reli zilizokufa. Lakini Conrail nayo haikutaka vinjia vya hasara, na sehemu nyingi ziling'olewa.

ILIVYOANZA
Mwaka 1983 Andrew Muller Jr. alianza kuendesha kipande cha kilomita 21 tu, kati ya Temple na Hamburg, mali ya jimbo. Mwaka 1990 akanunua kutoka Conrail njia za eneo la makaa lenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 akaongeza zile za bonde la Lehigh. Leo mtandao umepita kilomita 600.

INAKULA WAPI?
Hapa ndipo panaponifurahisha. Kampuni kubwa inataka treni ndefu kutoka A hadi B, mteja mwenye behewa mbili anaonekana usumbufu. Hii ndogo inamfuata huyohuyo kiwandani kwake, inakusanya behewa mojamoja, halafu inazikabidhi kwa reli kubwa. Makaa bado inabeba, ila pia mbao, plastiki, na mchanga wa visima vya gesi. Jamani, gesi iliyosaidia kuua makaa sasa inailipa reli ya makaa!

Abiria nao wapo, wengi watalii wanaokwenda Jim Thorpe, mji wa kale wa makaa. Injini ya mvuke namba 2102, iliyotengenezwa Reading 1945, ilirudi kuvuta abiria 2022 baada ya kukaa kimya miaka zaidi ya 30. Ipo pia namba 425 ya mwaka 1928.

NINACHOKIONA MIMI
Wadau, njia ikipungukiwa mizigo bado inaweza kusubiri mteja mwingine. Ikishang'olewa ndio basi tena, tuta linaota miti, ardhi inagawanywa, na kiwanda kinachotaka reli kinakwenda kujengwa kwingine. Zile kilomita 21 zilipona kwa sababu jimbo lilizishikilia mpaka akapatikana wa kuziendesha. Hawakujua atakuja nani, lakini hawakuuza chuma chakavu.

Sasa niambieni, nyie mngeng'oa au mngesubiri? Tiririkeni hapo chini.